Mama, Ulijua Kuwa Ukikimbia Presha Inashuka

Mama,

Shikamoo. Sitakusikia ukiitikia, lakini hukunilea nianze kumlaumu mtu mzima kabla sijamwamkia.

Nimekasirika. Nimekasirika tangu siku ya msiba, nikawa naificha hasira yangu, kwa sababu kila aliyepanda ngazi zetu kuja kunipa mkono alinambia nishukuru, mama yako amekufa shujaa. Nikajibu, ahsanteni. Miezi minne nimejibu ahsanteni. Nimechoka kujibu hivyo, na hakuna mwengine wa kumwambia ila wewe.

Kikundi chako cha mazoezi kimechapisha fulana. Mbele kuna picha yako na mtandio wako wa kijani, unacheka, na chini yake maneno yako mwenyewe: Mazoezi Ndiyo Dawa. Nassra, yule mwanafunzi wako wa zamani uliyemwachia kikundi, aliniletea moja mpaka nyumbani. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akanambia wanakwenda Kilimanjaro tena, wanawake kumi na tisa, kumalizia safari ya Mwalimu. Nikaipokea fulana kwa mikono miwili. Alipoteremka tu, nikaitupa kwenye kapu la nguo chafu.

Nisimulie tulivyofika hapa, kwa sababu nakujua. Ungekuwapo ungesimulia wewe, kwa namna yako, na mimi ningetoka mkosa.

Ulipostaafu skuli, watu walidhani utakaa ndani upumzike. Wewe ukachukua filimbi ukenda Maisara na shoga yako Bi Raya wa nyumba ya jirani, mkazunguka uwanja watu wawili mkichekwa. Mwaka haujesha mkawa wanawake arobaini, madira juu, suruali za mazoezi chini, raba za kila rangi. Nilikuwa najivuna nikipita na pikipiki asubuhi kwenda kazini na kukuona mbele yao.

Kisha nikakupima. Pale kliniki yetu Mkunazini, ninapofanya kazi ya uuguzi, siku uliyonisindikiza tu, mashine iko mezani, nikakwambia lete mkono. Mia na sabini juu ya mia na mbili. Tukapima siku ya pili na wiki ya pili, ile ile. Daktari akakuandikia vidonge, kimoja kila asubuhi, maisha yako yote. Uliipokea karatasi ile kama barua ya kufukuzwa kazi.

"Mie?" ulisema tulipokuwa njiani kurudi. "Mie niliyewafundisha watoto wa mji huu kukimbia, nimeze dawa ya presha kama mtu anayeshinda kitandani?"

Nikakwambia presha haichagui, bibi alikuwa nayo, na babu pia. Ukaongeza mwendo, ukanitangulia mpaka mlangoni.

Baada ya hapo mambo yakawa mazuri, au ndivyo nilivyodhani. Kila mwisho wa mwezi ulikuja kliniki ukitokea Maisara moja kwa moja, jasho limekukaukia shingoni, raba zina mchanga. Nakufunga mkanda mkononi: mia na thelathini na sita juu ya themanini na tatu. Mwezi mwengine hivyo hivyo. Unavuta dira lako unainuka, unawaambia waliokaa kwenye foleni, "Mmeona? Mazoezi ndiyo dawa." Nilikuomba mara ngapi, Mama, njoo siku uliyopumzika? Unanijibu, "Nshapumzika. Nimekaa kwenye foleni yenu robo saa nzima."

Nikaacha kukuomba. Ulikuwa mama yangu, namba zilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa na wagonjwa wanaongoja.

Kisha ikaja safari ya mlima. Wanaopeleka watu walitaka kila mtu alete fomu ya afya. Ukaja na yako siku ya Jumamosi, umetoka kukimbia, una haraka ya kwenda Kidichi kwenye harusi. Nikakupima. Nikajaza. Daktari kabla ya kusaini akaniuliza, "Umempima akiwa ametulia?" Nikasema ndiyo.

Nimeliandika hapa neno hilo. Nikasema ndiyo.

Siku ya kwanza ulipiga simu kutoka geti la mlima. Ulikuwa unapiga kelele kama uko ng'ambo ya bahari kweli, unasema miti ya huko mirefu kuliko minara. Siku ya pili ukaongea na mjukuu wako Aisha, ukamwambia pua yako imekuwa barafu, akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikakuuliza, unaumwa na kichwa? Ukasema, "Hata kidogo." Nikakuuliza, vidonge unameza? Ukasema, "We Salma, nani mama hapa?"

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. We Salma, nani mama hapa. Unadhani nimwambie nani haya? Watu wanataka kusikia uliniachia wasia.

Asubuhi ya siku ya nne Bi Raya alikuona unafunga kamba za raba na mkono wa kulia hautii. Akakuita. Ukamjibu maneno yasiyo maneno. Wapagazi walikubeba kwa zamu, wakakuteremsha karibu wanakimbia, Mungu awalipe, na wewe uliyewakimbiza watu maisha yako yote umelala kwenye machela. Hospitali wakanambia kwa simu ni kiharusi, mshipa umepasuka kichwani. Daktari wa huko alinitajia presha waliyokupokea nayo. Sitaiandika. Nilipoisikia nilikaa chini kwenye ngazi, hapo hapo nilipokuwa, na wapita njia wakaanza kuuliza kuna nini.

Nilikukuta hai. Siku moja na nusu nilikushika mkono wa kushoto, uliokuwa bado unabana. Kisha ukaacha kubana.

Tukakurudisha Unguja. Nikakuosha mimi na Bi Raya. Wanaume wakakupeleka, na mimi nikabaki juu na wanawake, nikisikia sauti zao zikipungua kichochoroni mpaka zikaisha. Hapo wakaanza kunambia shujaa, shujaa.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, nikafungua kabati lako kutoa nguo za kugawa. Ndani ya mkoba wako wa zamani wa skuli nikakuta vidonge. Si kimoja wala viwili, Mama. Pakiti kwa pakiti, za miezi na miezi, zimefungwa na mpira kama barua. Nyengine hazijafunguliwa. Nilikuwa nakuletea mwenyewe kutoka kazini! Nilikuwa nakuwekea mezani, karibu na chupa ya chai, na wewe unasema ahsante mwanangu.

Nilipiga ukuta kwa kiganja. Kiliniuma siku tatu.

Sasa turudi kwenye fulana. Wiki iliyopita nikachukua mashine nikenda Maisara. Niliwakuta wameshamaliza mbio, wanatembea pole pole kama ulivyowafundisha. Nikamwambia Nassra, hakuna anayekwenda mlimani mpaka nimpime. Akafurahi kwanza. "Tupime sasa hivi, Da Salma, wote tupo." Nikasema sasa hivi hapana. Keshokutwa, kabla ya mazoezi, kila mtu akae kwanza kwenye kiti dakika tano bila kusema na mtu.

Wakacheka. Viti gani Maisara? Na nani katika wale anayeweza kukaa dakika tano bila kusema?

Nassra akanivuta pembeni. "Dada yangu, usituvunje moyo. Mwalimu angekuwapo asingetufanyia hivi."

"Ndo maana hayupo," nikasema.

Niliisema kwa sauti. Wote waliisikia. Mmoja wao akajifunika uso na mtandio. Nikakunja mashine yangu nikaondoka, na wakati naondoka nilikuwa na hasira na wewe, si na wao, kwa sababu wao wanarudia tu walichofunzwa.

Jioni ile Bi Raya akaja. Alipanda ngazi zetu akipumzika kila pembe, na nikagundua kuwa hajatia mguu kwetu tangu hitima. Alikataa chai. Alikaa kwenye kiti chako, akahama, akakaa chini kwenye mkeka.

"Salma, mwanangu, nimebeba kitu cha mtu na mwenyewe keshakufa," akaanza.

Akanambia kichwa kilikuuma tangu usiku wa kwanza mlimani. Kwamba hukulala, na ulimshika mkono ukamwapisha asimwambie kiongozi wala asinipigie mimi. Nikamuuliza, na wewe ukakubali? Akasema, "Mama yako umemjua. Nani alimkatalia?" Nilitaka kumfukuza. Wallahi, Mama, shoga yako wa miaka hamsini nilitaka kumwonesha mlango.

Lakini hakuwa amemaliza. Akasema, "Na vile vidonge. Akimeza siku mbili tatu kabla ya kuja kwako, akitoka kwako anaacha. Na siku yenyewe ya kupimwa anaongeza mizunguko uwanjani. Nikamuuliza kwa nini, akanambia, mtu akishakimbia presha inashuka, mashine inamsifu."

Ulijua.

Nimeligeuza neno hili tangu jioni ile. Mtu asiyejua husamehewa. Wewe ulinifundisha mimi! Nilikuwa darasani kwako kidato cha pili, nikiona haya kuwa mwalimu ni mama yangu, na ulichora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu. Ukatwambia mtu akikimbia misuli inadai damu, moyo unakwenda mbio na unasukuma kwa nguvu zaidi, presha inapanda, na hiyo si maradhi, ni kazi. Mishipa ya miguuni inajifungua ipokee damu, ya tumboni inajibana, ndiyo maana mtu hali pilau kabla ya mbio. Na mtu akisimama ghafla, moyo unapoa lakini mishipa ya miguuni bado iko wazi, damu inatuama chini, kichwa kinakosa, mtu anaanguka. "Tembeeni! Asisimame mtu!" Sauti hiyo wameisikia mpaka baharini.

Na ile mishipa haijifungi mara moja. Inabaki imelegea saa kadhaa, na kwa saa hizo presha inakaa chini kuliko kawaida yake. Ni kweli mazoezi yanasaidia, Mama, hilo sikulipinga hata siku moja. Mtu akiyashika miaka, presha yake hupungua kidogo hata akiwa amekaa. Kidogo. Yako ilikuwa imeshapita kidogo. Wewe ulichukua zile saa chache za nafuu ukanionesha mimi kama ndiyo hali yako. Na mimi muuguzi, mwenye cheti ukutani, nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Kule juu hakukuwa na saa za nafuu. Nimesoma tangu ufe, nimemsumbua daktari kwa maswali mpaka ananikimbia. Shingoni, pale pale ninapogusa mapigo, mwili umeweka walinzi. Mmoja anaangalia msukumo wa damu, ukizidi anauambia ubongo upunguze. Mwengine anaangalia oksijeni. Mtu akipanda mahali hewa ni nyepesi, huyu wa pili anapiga kelele bila kunyamaza, na ubongo unamsikiliza: unauharakisha moyo, unabana mishipa. Presha inapanda, na hata mtu akilala haishuki kama inavyoshuka nyumbani. Baridi nayo inabana. Kupanda kwenyewe kunaongeza. Mwenye afya mwili wake unastahimili, na wengi wanakwenda na kurudi salama. Wewe ulipeleka kule mishipa iliyokuwa imekazana tangu Unguja, na vidonge vyako umeviacha kabatini.

Daktari ananambia hatuwezi kusema ni kimoja kilichokuua. Huenda ingetokea hata ukiwa jikoni. Ananambia ili nilale. Silali.

Kinachonikera zaidi ni kwamba najua kwa nini ulifanya. Hukutaka Nassra na wenzake wajue kuwa aliye mbele yao anameza dawa. Ulidhani ukimeza kidonge mazoezi yako yatakuwa uongo. Nani alikwambia ni kimoja au chengine? Ungeweza kukimbia na kumeza. Ungeweza kusimama mbele ya wale wanawake na kusema, jamani, mimi nina presha, na nakimbia, na nameza. Unajua ungewaokoa wangapi? Badala yake umewaachia maneno matatu kwenye fulana.

Jana niliwapima.

Ni Bi Raya aliyewaleta. Aliwapigia simu mmoja mmoja, akawaambia wasiende Maisara, waje kwetu. Walikuja kumi na wanne. Tukawaweka ukumbini kwako, juu ya makochi na mikeka na ngazini, wamekaa wima, migongo imeegemea, hakuna anayesema. Sijapata kusikia nyumba yetu kimya namna ile na watu wamo. Nassra alikuja wa mwisho, amevaa ile fulana. Hakuniamkia.

Bi Raya alikuwa wa kwanza. Alikunja mkono wa gauni mwenyewe. Mia na sabini na nane juu ya mia na sita. Nikangoja, nikapima tena, na mkono mwengine. Akaniuliza, nikamwambia kweli. Mbele ya wote akasema, "Basi. Na yeye ilikuwa hivi. Alikuwa na presha, alikuwa na dawa, na alikuwa hamezi. Mie nilijua." Kisha akalia, kilio ambacho siku ya kukuosha hakukitoa.

Hakuna aliyesema shujaa.

Watatu wengine wanayo, na mmoja wao hajafika miaka thelathini na tano. Nimewaandikia waje kliniki. Wawili watakuja. Yule kijana alinambia kwa adabu kuwa atakunywa maji ya kitunguu thaumu kwanza. Nilikaribia kupiga kelele. Nassra yake ni nzuri, nzuri kweli, ametulia na hajakimbia, na anakwenda mlimani. Sikuweza kumzuia na sina haki ya kumzuia. Lakini kabla hajateremka akaniuliza dalili gani ziwafanye wateremke, akaziandika kwenye simu, akanisomea nihakikishe. Kichwa kisichopoa. Kuyumba. Maneno kuchanganyika. Akaniuliza, "Na mtu akikataa kuteremka?" Nikamwambia, mteremshe kwa nguvu, akutukane akiwa chini. Akaitikia kwa kichwa. Hatujapatana, lakini ameuliza.

Walipoondoka nikateremka nikenda kazini, nikamsubiri daktari amalize wagonjwa. Nikamwambia ile fomu ya mama yangu nilisema ametulia na hakuwa ametulia. Alikuwa ametoka kukimbia, na nilikuwa najua, na nilikuwa na haraka. Akavua miwani. Hakunigombeza, na nilitaka anigombeze. Alisema tu kwamba kuanzia sasa fomu za safari hatazijaza muuguzi peke yake, na kwamba mimi sitazijaza kabisa kwa muda. Nikasema sawa. Nikatoka nikasimama kichochoroni huku pikipiki zinanipigia honi nipishe.

Halafu nikarudi ndani nikamwomba mwenzangu anipime mimi. Nilikaa dakika tano. Nilizihesabu. Mia na arobaini na sita juu ya tisini na nne. Leo asubuhi amenipima tena, hazikupungua. Wiki ijayo tutaona, lakini nimeshawapima watu wengi mno kujidanganya.

Ndiyo hivyo, Mama. Nimerithi kwako pua, na sauti ya kupiga kelele, na hii.

Nimebaki na hasira na sikuahidi itakwisha. Nakuombea dua kila baada ya sala, na nikimaliza kukuombea nakugombeza, kisha namwomba Mungu msamaha kwa kukugombeza. Akulaze pahala pema, akusamehe, na anisaidie mimi nikusamehe, kwa sababu peke yangu siwezi bado.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Jana Aisha alinikuta nimekaa kitandani na mkanda mkononi, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nilifungua mdomo kusema hata kidogo. Nikamwambia, ndiyo. Ana miaka saba, akaanza kulia, na nilimwacha alie, na nikamwambia mama atameza dawa na yeye atamwona akimeza.

Kwaheri Mama. Pumzika. Huko hakuna wa kukupima.

Mwanao,
Salma